Kidole Gumba cha Taifa

Nchi yetu siitaji jina, na mtu asidhani naogopa. Jina lenyewe bado lipo kamatini. Kamati iliundwa juma la pili baada ya uhuru, ikapewa siku arobaini na mbili, na mpaka leo inakutana kila Jumatano, inakunywa chai na kuahirisha. Bendera nayo ni nyeupe kwa muda. Wageni wakiiona juu ya mlingoti hudhani tumesalimu amri, wanauliza tumemsalimia nani. Tunawaambia wasubiri, rangi zinakuja.

Watu wa nje hutucheka. Mimi, Mbaruku Sefu, karani wa Wizara ya Fursa kwa miaka kumi na tisa, dirisha namba nne, nasema wacheke tu. Wao wana haraka, sisi tuna utaratibu. Hapa nitakusimulia jinsi nilivyopata nishani ya juu kabisa ya nchi hii kwa kazi niliyoifanya saa moja tu, tena nikiwa nimekaa kitini. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama nilistahili. Ila usiamue upesi, kwetu ni kosa.

*

Kwanza lazima ujue habari za kidole, maana bila kidole hutaelewa kitu.

Mtukufu Mkuu wa Nchi, alipokuwa kijana, alikuwa anauza vocha za simu kituo cha mabasi. Rafiki yake akamwambia kuna sarafu mpya ya mtandaoni inaitwa Kipepeo. Haishikiki, haiingii mfukoni, hata ukiiangusha haina mlio, lakini watu wanainunua. Wakati ule Vipepeo elfu moja vilikuwa bei ya sahani ya chipsi. Mtukufu akafungua simu, akaandika kiasi, ikabaki kubonyeza. Kidole gumba kikasimama juu ya kioo, kimebakiza unene wa punje ya mchele. Akafikiri kama hawa si matapeli. Akafikiri mama yake atasema nini. Akafikiri labda kesho bei itakuwa nafuu zaidi. Mwisho njaa ikamshika, akanunua chipsi.

Miaka saba baadaye vile Vipepeo elfu vingeweza kununua kituo chote, na mabasi yake, na barabara mpaka mpakani. Inasemekana Mtukufu alilala siku tisa kauelekeza uso ukutani, hataki kula. Siku ya kumi akainuka, akaingia kwenye siasa. Kampeni yake ilikuwa na neno moja tu, Laiti. Alishinda kwa kura nyingi kupita kiasi, kwa sababu kila mtu nchini alikuwa na chake alichokikosa.

Tangu hapo chipsi ni marufuku. Sikukuu yetu kubwa ni Siku ya Laiti, siku ile ambayo Mtukufu hakubonyeza. Katika makumbusho kuna kidole gumba cha plasta, kikubwa kuliko ng'ombe, kimening'inia juu ya kioo bila kukigusa, na watoto wa shule hupelekwa kukitazama. Saluti yetu pia ni hiyo hiyo. Unanyoosha mkono mbele, unainamisha gumba, unalisimamisha hewani. Anayeshusha gumba kabla mkubwa wake hajashusha lake anakwenda jela miezi sita. Sheria haielezi mkubwa ashushe lini, kwa hiyo saluti zetu huwa ndefu.

Kisha ikaundwa Wizara ya Fursa, ili asiumie tena mwananchi yeyote kwa fursa ambayo haikufikiriwa vya kutosha. Kila kaya ina Mfikiri mmoja mwenye kadi. Huyo peke yake ndiye anayeruhusiwa kununua au kuuza kitu cha mtandaoni, na hata yeye lazima wizara imfikirie kwanza. Nyumbani kwetu Mfikiri ni mimi. Kadi yangu nimeitia plastiki.

*

Mke wangu Kidawa hakupewa kadi. Alifanya mtihani, maofisa wakamwuliza swali la kwanza, akajibu hapo hapo. Wakamfelisha.

Kidawa ni fundi wa kofia, zile za kushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu. Kofia moja ni kazi ya mwezi. Kuchagua uzi hakumchukui muda. Anatia mkono kikapuni, anatoa, na rangi inakuwa ndiyo. Mimi nilipotaka kumposa nilifikiria miaka mitatu. Siku moja akanikuta barazani kwa mjomba wake, akaniambia, "Mbaruku, mimi natoa kofia moja kwa mwezi. Wewe umenitia wasiwasi miezi thelathini na sita, na kwa wasiwasi huo nimeharibu kofia nne. Unaoa au huoi?" Nikaomba siku mbili. Akanipa mpaka kahawa ipoe.

Miaka minane iliyopita mgeni mmoja alipita nyumbani akanunua kofia mbili. Hakuwa na pesa ya kutosha, basi akachukua simu ya Kidawa, akamwekea Vipepeo arobaini, maana mwaka ule bei yake ilikuwa imeshuka sana, akamwambia avitunze. Kidawa alicheka wiki nzima kwamba ameuza kofia mbili kwa wadudu. Sheria ya kadi ilipokuja, wadudu wakahamishiwa kwenye simu yangu, na tukawasahau.

Mwaka jana Kidawa alishona kofia ya sherehe, akatia uzi wa damu ya mzee mahali pa kijani kibichi. Mwenye kofia alipoirudisha, Kidawa aliigeuza geuza mkononi. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akapima, akasema ni presha ya macho.

"Ugonjwa huu hauumi, ila hausubiri," daktari alisema. "Kilichokwisha kupotea hakirudi, tunaokoa kilichobaki. Upasuaji unafanyika ng'ambo. Mna miezi mitatu, na huo wa tatu nawaongezea kwa huruma."

Akataja gharama. Kidawa hesabu zake zote hufanya kwa kofia, akaigeuza papo hapo. "Kofia mia mbili," aliniambia tukiwa njiani. "Nikishona bila kulala ni miaka kumi na sita na zaidi. Na bila macho sijui."

Tulipofika nyumbani, kabla hajavua hata viatu, akauliza, "Baba Raya, wale wadudu wangu wakoje?"

Nikafungua simu. Nikafuta kioo kwa shati nikatazama tena. Vipepeo arobaini vilikuwa vimefika kofia mia mbili na kumi.

"Uza," Kidawa alisema, kwa sauti ile ile anayoniambia nifunge dirisha.

"Mama Raya, mambo hayaendi hivyo. Kuna utaratibu."

"Si wewe ndiye unayekaa dirishani?"

"Ndiyo maana lazima niufuate," nikamjibu, na nilijisikia fahari, sitaficha.

*

Kesho yake nilipanga foleni kwenye dirisha namba nne. Kwa kuwa karani wa dirisha lile ni mimi, na mimi nilikuwa kwenye foleni, dirisha lilikuwa tupu. Nilisimama mpaka saa nane mchana. Watu nyuma yangu wakaanza kumlalamikia karani, nami nikaona wana haki. Nikazunguka, nikaingia ndani, nikajipokelea fomu. Picha zangu za pasipoti zilikuwa na tabasamu kidogo, nikajirudisha.

Wiki ya pili nilikubaliwa. Nikajaza Fomu ya Kufikiri Kwanza, na baada ya siku kumi Fomu ya Kufikiri Tena. Halafu ikaja Fomu ya Majuto ya Awali, ambayo ndiyo roho ya wizara. Humo mwombaji hueleza atakavyojuta akiuza bei ikapanda, na atakavyojuta asipouza bei ikashuka. Nilimsomea Kidawa maswali.

"Andika hivi," akasema. "Nikiona, sitajuta."

Ilirudishwa kwa ufupi wake. Nikaiandika mwenyewe, nikafikisha kurasa kumi na moja. Niliandika jinsi nitakavyokuwa nimekaa mezani, mke anaona vizuri, na huku Kipepeo kimepanda mara kumi, jirani ambaye hakuuza anajenga ghorofa, na mimi natazama ghorofa lile kila asubuhi nikipiga mswaki. Nilipomaliza kuandika nilikuwa nimeshaanza kuumia. Kwa upande wa pili, wa kushindwa kuuza, nilipata nusu ukurasa tu. Sikuweza kuyaona vizuri majuto hayo. Sijui kwa nini.

Fomu ilikwenda kwa Bwana Gharibu, Mkurugenzi wa Kufikiri Tena. Bwana Gharibu ni mtu wa makamo mwenye rula ya mbao. Ukutani kwake kuna mchoro wa bei ya Kipepeo tangu siku ya kwanza, umezunguka chumba chote, umepita juu ya mlango na kurudi. Akaweka rula, akapiga mstari, akarudi nyuma hatua tatu.

"Ndugu Mbaruku," alisema, "mchoro unaonyesha wazi kwamba bei itapanda, isipokuwa kama itashuka."

"Na ikisimama, mkubwa?"

"Hilo nalo tumelizingatia." Akaifunika rula kwa kitambaa chake. "Mke wako anaendeleaje?"

"Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

"Mpe pole. Mwambie wizara inamfikiria."

Nikampa pole. Nikamwambia wizara inamfikiria.

*

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Nafungua simu, Kidawa anageuza kichwa upande kunitafuta, kwa sababu pembeni mwa macho yake kulikuwa kumeshaingia giza. Anauliza, "Leo rangi gani?" Maana bei ikipanda mchoro unakuwa kijani, ikishuka unakuwa mwekundu, na hizo mbili ndizo alizokuwa anazitaka.

"Kijani," namwambia, "lakini..."

"Lakini sijaiuliza."

Wiki ya tano mchoro ulikuwa mwekundu siku nne mfululizo, tukashuka mpaka kofia mia moja na sitini. Kidawa aliendelea na kofia yake. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kwa kuutafuta kwa ncha ya ulimi. Nilitamani sana anitukane. Wiki ya saba kijani kikarudi, na wiki ya tisa tukapita kofia mia tatu, nami nikaanza kutembea ofisini mikono nyuma. Nikamwambia unaona, tungeuza siku ile tungepata mia mbili na kumi, kuchelewa kwa wizara kumetuletea faida. Akauliza kofia aliyoishika mkononi ina rangi ngapi. Zilikuwa sita. Yeye alikuwa anaona mbili.

Wiki ya kumi na moja kibali kikatoka. Kina mihuri tisa. Kiliniruhusu kuuza Vipepeo arobaini siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne mpaka saa tano asubuhi, katika Chumba cha Kubonyeza, ghorofa ya sita. Lifti hatuna, zabuni yake inafikiriwa.

Siku hiyo Vipepeo vilikuwa kofia mia nne.

Kidawa alisema atakuja. Alikuwa amefunga begi tangu Jumatatu, nguo tatu, kanga mbili na kofia moja ya kumpa daktari wa huko. Begi tukaliacha nyuma ya mlango. Akapanda ngazi za ghorofa sita kwa kupapasa ukuta, anahesabu vidato, na kila tukifika juu ananiuliza saa ngapi. Nikamkalisha kwenye benchi la koridoni. Mlango wa chumba ukaachwa wazi, ndiyo sheria, ili umma ushuhudie.

*

Ndani kulikuwa na meza, kiti, na simu yangu juu ya kitambaa cheupe. Bwana Gharibu alikuwa shahidi. Askari alisimama pembeni, na saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Saa nne kamili Bwana Gharibu akasema, "Mfikiri, fikiri."

Naapa nilikuja kuuza. Nilikaa, nikafungua, nikaandika arobaini, kikabaki kitufe. Mia nne. Nikasema mia mbili za macho, mia mbili zinabaki, tutaezeka paa. Hapo hapo bei ikawa mia nne na kumi. Nikasema, kofia kumi kwa dakika moja, mtu huzipata wapi? Nikaipa dakika nyingine. Mia nne na ishirini na tano. Nikajiwekea kikomo kama mtu mzima, kwamba ikifika mia nne na hamsini nabonyeza, potelea mbali. Ikafika. Nikaiangalia, nikasema kitu kinachofika upesi namna hii bado hakijachoka.

Kikashuka, mia nne na thelathini.

Sasa niambie wewe. Dakika mbili zilizopita kitu kilikuwa mia nne na hamsini, leo nikiuze mia nne na thelathini? Nimpe nani hizo ishirini? Nilisahau kabisa kwamba nilikuja kutafuta mia mbili. Nikaanza kuliona lile ghorofa la jirani, na mswaki wangu. Nikasema nikiuza ikapanda, nitakuwa mjinga peke yangu. Nisipouza ikashuka, nitakuwa mjinga na watu wote, na watu wote ni wengi, nitapata pa kukaa.

"Baba Raya," Kidawa aliita kutoka koridoni. "Rangi gani?"

"Nyekundu kidogo."

"Bonyeza."

"Itarudi."

"Bonyeza, mume wangu."

Kidawa haniiti mume wangu. Ananiita Mbaruku akinitania na Baba Raya siku nyingine zote.  Nikanyoosha mkono, nikainamisha gumba, nikalileta juu ya kitufe mpaka likabakiza unene wa punje ya mchele.

Likasimama hapo. Sikulisimamisha mimi. Nilikuwa namalizia wazo moja tu.

Askari aliniona. Mkono mbele, gumba chini, hewani. Akagonga visigino na yeye akapiga saluti. Bwana Gharibu aligeuka, akaona gumba langu na la askari, akadhani amechelewa jambo la kitaifa. Akatupa rula, akanyoosha lake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Koridoni makarani waliokuwa wakipita na mafaili walitazama mlangoni, wakaweka mafaili chini mmoja mmoja, wakanyoosha. Kidawa alikuwa amekaa katikati yao, anageuza kichwa huku na huku.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona kimya? Amebonyeza?"

Hakuna aliyemjibu, katika saluti mtu hasemi.

Sasa mtu na akili zake anashushaje gumba katikati ya saluti? Mkubwa wangu alikuwa amesimama na lake juu, na sheria unaijua. Nikingoja Bwana Gharibu ashushe, yeye anangoja mimi nishushe, kwa kuwa kwa mtazamo wake mimi ndiye niliyeanza na huenda nina maagizo. Tulikaa hivyo dakika thelathini na moja. Nilikuwa naona bei chini ya ukucha wangu, mia nne na arobaini, mia nne na sitini, mia nne na kumi. Jasho lilinitiririka mpaka kiwiko. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa sheria. Jibu huwa linakuja, nami huwa nalirudisha likafikiriwe tena. Kidole kilikuwa changu.

Saa ikagonga tano. Bwana Gharibu akashusha gumba, akaifunika simu kwa kitambaa.

*

Nilitoka. Kidawa alisimama kabla sijafika, alizijua hatua zangu.

"Umeuza?"

"Bei inapanda, Mama Raya. Ilifika mia nne na sitini, nimeiona kwa macho..."

"Sikukuuliza bei."

"Nitaomba kibali kingine. Safari hii najua njia."

Akakaa tena. Akavuta ukingo wa kanga, akaufikicha fikicha vidoleni kama anatafuta mahali uzi ulipokatika. "Basi nipeleke nyumbani," alisema. "Begi ulitoe wewe nyuma ya mlango. Mimi nitajikwaa."

Tukashuka ghorofa sita. Hakuhesabu vidato. Mimi nilihesabu.

Nilijaza fomu upya jioni ile ile. Siku ya tisa baada ya hapo, mchana, Kipepeo kikaanguka. Ilisemekana mwenyewe aliyekianzisha ameondoka mahali alipokuwa, na hakuna aliyewahi kujua alikuwa wapi. Saa saba kilikuwa mia nne, saa tisa kilikuwa sitini, na wakati wa alasiri Vipepeo arobaini vilikuwa kofia moja na nusu. Kidawa aliposikia redio ikitangaza aliniuliza rangi gani. Nikamwambia nyekundu. Hakuna siku niliyomjibu upesi kama hiyo.

Nilimrudisha kwa daktari. Daktari akawasha kitochi chake, akatazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akazima. Akaniambia mimi, hakumwambia yeye, kwamba sasa hakuna cha kupasua. Kidawa akasema, "Daktari, mimi kipofu, si kiziwi." Njia nzima tulishikana mikono. Nilitaka kumwomba msamaha, nikawa natafuta namna ya kuanza, tukafika.

*

Wizara ilitoa tamko. Ilisema kwamba kuanguka kwa Kipepeo kumethibitisha busara ya wote ambao hawakununua. Kuhusu wale waliokuwa nacho na hawakuuza, tamko lilisema walionyesha uvumilivu wa kizalendo. Aya ya mwisho ilinitaja kwa jina.

Siku ya Laiti ikafika. Uwanja ulijaa, watu elfu sitini chini ya bendera nyeupe. Nilikalishwa jukwaa kuu, Kidawa karibu yangu, amevaa kanga zile mbili za begini. Wimbo wa taifa ukapigwa, ambao hauna maneno bado. Kisha Mtukufu Mkuu wa Nchi akasimama kwenye kipaza sauti. Ni mzee sasa, na gumba lake la kulia linatetemeka.

"Wananchi," alisema, "miaka yote hii nimekuwa peke yangu. Mnanipigia makofi, mnajenga sanamu, lakini nikirudi Ikulu niko peke yangu na kidole changu. Nilikuwa nauliza, je, katika nchi yangu hakuna mwingine? Leo nimempata. Mimi nilikosa kununua. Huyu amekosa kuuza. Sasa taifa limekamilika."

Uwanja mzima ukanyoosha magumba. Mtukufu akanijia, akanikumbatia, akanishika muda mrefu, na sikioni mwangu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na wewe huwa unakiota?" Nikamwambia kila siku, Mtukufu. Akanivalisha Nishani ya Laiti, Daraja la Kwanza. Ni gumba la shaba, linaning'inia kwenye utepe. Rangi ya utepe bado ipo kamatini, kwa hiyo kwa muda wameutengeneza kwa kitambaa cha marekani tu, pamba isiyotiwa rangi, kama kile cha kuchujia tui.

Nilirudi kitini. Watu walikuwa bado wamesimama, magumba juu, kimya. Kidawa akanyoosha mkono kunitafuta kifuani, akalipata lile gumba la shaba, akalipapasa ukucha na mgongo. Halafu vidole vyake vikapanda kwenye utepe, vikaushika, akaupima kwa kusugua kama alivyokuwa akipima nyuzi zake, na uso wake ukachangamka kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, alinitazama, au alielekeza uso mahali nilipo.

"Ina rangi gani?" aliuliza.

Nikafikiri nimwambie kweli, kwamba haina rangi. Nikaona siku ya leo si ya kusema hivyo. Nikafikiri nimwambie kijani, nikakumbuka kijani ni ya mchoro, na nyekundu ndiyo kabisa. Nikafikiri nimwambie damu ya mzee, aliipenda sana, lakini ndiyo ile aliyokosea kwenye kofia. Samawati je? Atauliza samawati ya mbingu au ya samaki, naye anazijua zote, atanikamata. Zari ya dhahabu? Vidole vyake vimeshagusa, vinajua si zari. Nikafikiri nimwambie ni nzuri tu, Mama Raya, ni nzuri. Hilo likanipendeza. Nikaligeuza mara mbili, nikaliona linafaa, nikafungua mdomo.

Alikuwa ameshaondoa mkono.